Pole ya kwenye simu: namna ya kuifikisha kwa mfiwa bila kumwongezea mzigo

#1 Jamvini

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa shikamooni.

Naomba tujadili pole inayotumwa kwa simu, maana wengi wanaitoa kwa moyo mweupe na bado haimfikii mfiwa kama walivyokusudia.

Msibani ukifika kwa miguu yako, "poleni" moja inatosha. Yaliyobaki yamesemwa na kule kufika kwenyewe: umevua viatu mlangoni, umekaa jamvini, umenyamaza pamoja nao, kisha ukainuka kushika ndoo au kumenya vitunguu. Neno hilohilo likiandikwa WhatsApp linakwenda peke yake. Aliyekesha akimlilia marehemu na aliyebonyeza stika akiwa kwenye foleni ya daladala wanaonekana sawasawa kwenye kioo cha simu. Kwa hiyo anayeandika hana budi kutafuta kitu cha kushika nafasi ya kule kufika.

Kwa maoni yangu kitu hicho ni kumpunguzia mfiwa kazi. Grupu moja la WhatsApp hubeba hadi watu 1,024. Chukua la ukoo lenye 250 tu. Kila mtu akiandika mara moja, simu ya mfiwa imelia mara 250, na ni simu hiyohiyo anayopigiwa na wachimba kaburi, watu wa mochwari na dereva wa gari la kubebea mwili. Pole inayodai kujibiwa, inayouliza maswali au inayotaka kushukuriwa ni kazi nyingine juu ya kazi alizonazo, hata maneno yake yawe matamu vipi.

Ujumbe unaofika hauzidi mistari mitano au sita ya simu. Mwite mfiwa kwa jina la udugu unalomwitia siku zote: mama mdogo, shemeji, bibi. Ukianza na "Ndugu mfiwa" umeshajitenga. Mtaje marehemu kwa jina, au kwa alivyokuwa kwa mfiwa, usiishie kwenye "mpendwa wetu". Weka jambo moja la kweli unalolijua juu yake, hata liwe dogo. Halafu sema ni mzigo gani unaubeba, pamoja na siku, saa na mtu utakayemkabidhi. Mfano:

"Shemeji, pole sana kwa kuondokewa na kaka. Sijasahau alivyokuwa akisindikiza kila mgeni mpaka kituoni hata mvua ikinyesha. Kesho saa 2 asubuhi naleta mchele kilo 20 na mafuta lita 5, nitamkabidhi wifi jikoni. Usijisumbue kujibu, tutaonana hapo."

Hayo maneno "usijisumbue kujibu" ndiyo yanayompa nafasi ya kuvuta pumzi. Msiyasahau.

"Ukihitaji chochote usisite kuniambia" husemwa kwa wema mtupu, lakini inamtaka mfiwa akae afikirie anakosa nini, achague wa kumwomba, kisha ajishushe aombe. Mtu asiyekumbuka kama amekula tangu jana hawezi hayo. Bora umpe swali la ndiyo au hapana: "Watoto wawili wadogo walale kwetu mpaka Jumapili?"

Na jamani, tusimuulize mfiwa marehemu alikuwa anaumwa nini. Kila anayeuliza anamrudisha kwenye saa ya mwisho. Wakiuliza watu 40, ameirudia saa hiyo mara 40. Mwenye haja ya lazima amuulize msemaji wa familia.

#2 BintiPwani

Ahsante kwa uzi. Naongeza kitu ili mtu asije akasoma hapa akaona maneno ya kurithi ni maneno matupu.

Kwetu Mombasa husemwa "makiwa". Muislamu huanza na "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun" kwa kuwa Suratul Baqara, aya ya 155 na 156, imewapa bishara njema wanaosubiri na kusema hivyo wakifikwa na msiba. Mkristo huchukua ya Ayubu 1:21, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Maneno haya mfiwa anayajua toka utotoni, hayamlazimishi kufikiri, na ndiyo maana yanamshika. Kinachoyaua ni kuyakata: "R.I.P." na emoji tatu, au "Inna lilah" iliyoishia njiani. Yaandike yote, herufi kwa herufi, kisha utaje jina la marehemu. Ni kazi ya nusu dakika.

Familia nyingi zina dini mbili ndani ya nyumba moja. Kama huna uhakika, "Mungu amrehemu, awape subira" inaingia kila mlango.

#3 FundiSimu

Nije upande wa simu yenyewe, kwa sababu makosa mengi hutoka kidoleni wakati moyo hauna kosa.

Kadi za maua na mishumaa. Ujumbe uliosambazwa huonyesha mshale juu yake, na ukishapita mikono mitano au zaidi huonyesha mishale miwili. Mfiwa anaiona. Anajua kadi hiyo imetoka kwenye msiba wa mtu mwingine na itakwenda kwa mwingine. Kama umeyapenda maneno ya kwenye kadi, yaandike upya mwenyewe.

Kunakili pole ya aliyekutangulia. Hapa ndipo "mama" anapowekwa mahali alipofariki baba, au jina la marehemu wa mwezi uliopita linapotokea. Kabla ya kutuma soma vitu viwili tu, jina na udugu. Ukishakosea, una dakika 15 za kuhariri ujumbe WhatsApp, baada ya hapo huwezi kuhariri tena. Kuufuta kwa wote kunawezekana kwa siku mbili na saa kadhaa. Ukifuta, andika upya hapohapo, maana nafasi iliyofutwa bila maelezo inamfanya mfiwa ajiulize ulisema nini.

Emoji za kubonyezea juu ya ujumbe zilikuja WhatsApp mwaka 2022. Sita za kwanza zimepangwa hivi: dole gumba, moyo, kucheka hadi machozi, mshangao, chozi, viganja viwili. Uso unaocheka ni wa tatu na wenye chozi ni wa tano, na wenye kioo kidogo au macho mazito wanateleza. Ukiteleza, bonyeza ileile uliyoweka ili itoke. Kwenye tanzia ya grupu, viganja viwili vinatosha kuonyesha umeiona habari. Visihesabike kuwa pole. Facebook nao waliziongeza mwaka 2016 kwa sababu dole gumba peke yake halikufaa kila habari, na wakati wa korona mwaka 2020 wakaongeza uso unaokumbatia moyo. Ni nzuri, ila bado ni mguso mmoja wa kidole, na mfiwa anajua hivyo.

Ujumbe wa sauti ndio unaokaribia zaidi kule kufika, kwa sababu sauti hubeba pumzi na kigugumizi. Sekunde 20 hadi 40 zinatosha. Tafuta mahali pa kimya, gusa kipaza sauti, kisukume juu kijifunge, sema polepole, simamisha, jisikilize, ndipo utume. Usiweke siri ndani yake. Simu ya mfiwa siku hizo huwa mkononi mwa mpwa au binamu, na sauti hutoka kwenye spika watu wote wakasikia. Mfiwa akitaka kusikiliza peke yake, ainue simu sikioni, sauti itahamia kwenye kisikilizio kama ya kupiga.

Alama za bluu msimpimie mtu. Hata aliyezima alama za kusomwa, ujumbe wa sauti akiusikiliza utaonyesha umesikilizwa. Akikaa wiki bila kujibu, hajakudharau.

Msaada mmoja ambao wachache wanaufikiria: kijana mmoja wa nyumbani akae na simu ya mfiwa kwa nusu saa. Azime milio ya magrupu yote. Aingie Mipangilio, kwenye hifadhi na data, azime upakuaji wa video na picha unaojiendesha wenyewe, kwani video za mazishi zitajaza simu na kumaliza bando. Aibakishe na mlio wa kupigiwa tu. Kijana huyo amefanya kazi kubwa kuliko pole mia.

#4 MhaziniWaUkoo

Kwenye rambirambi ndiko upendo unakovunjika kimyakimya, kwa hiyo mnivumilie nieleze kwa kirefu.

Orodha ya kunakili, ile ambayo kila anayechanga anaichukua, anaongeza jina lake chini na kuirudisha grupuni, ina kasoro ndani yake. Watu wawili wakinakili orodha yenye majina 17 kwa wakati mmoja, wote watajiandika wa 18. Wa tatu atanakili ya mmoja wao, na yule mwingine amefutika. Hakuna aliyemfuta kwa makusudi, lakini anachokiona yeye ni kwamba ametoa 30,000 na jina lake halipo. Majeraha ya namna hii hukaa miaka. Dawa ni mhazini mmoja tu kuandika orodha kutoka kwenye meseji za miamala, mara mbili kwa siku, tuseme saa 6 mchana na saa 3 usiku. Wengine wasiiguse.

Admini afungue grupu la pili la taarifa tu, ambamo kwenye ruhusa za grupu ameweka viongozi peke yao ndio wanaotuma. Humo ziwekwe ratiba, orodha na namba ya kuchangia. Pole zibaki grupu la kwanza. Taarifa ya muda wa kuaga mwili ikichanganyika na "poleni" 200, watu watafika kaburi limeshafukiwa.

Namba ya kupokelea iwe ya mhazini badala ya mfiwa, na iandikwe pamoja na jina lililosajiliwa. Matapeli huchukua tangazo la msiba, wakabadilisha namba tu, wakalirusha magrupu mengine. Kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Lisipofanana na la kwenye tangazo, acha, piga simu kwanza. Tanzania tusisahau kuongeza na ya kutolea: ukituma 20,000 kavu, kinachofika mkononi ni pungufu, na hakuna mfiwa wa kukudai. Kenya angalieni kikomo, akaunti ya kawaida ya M-Pesa haishiki zaidi ya shilingi 500,000. Msiba mkubwa unaweza kuijaza, na pesa zinazofuata zinarudi zilikotoka. Ama mhazini ahamishie benki kila jioni, ama familia itumie namba ya Paybill.

Sasa kiasi. Ninashauri grupuni yaandikwe majina bila kiasi. Aliyetoa 100,000 na aliyekopa 2,000 ili naye awepo wote wamefika. Ukiwaweka kwenye orodha moja yenye tarakimu, wa pili ananyamaza kabisa, hata pole ya mdomo haitoi tena kwa aibu.

#5 KandaYaZiwa

Mkuu Mhazini, mengine yote sawa, ila kwenye kiasi nakupinga. Misiba inaisha kwa ugomvi kwa sababu pesa hazikusomwa. Orodha yenye tarakimu ndiyo risiti ya wachangiaji. Tena kuna jambo la heshima hapo: nyumba nyingi huweka daftari la rambirambi, mtu ajue nani alimfaa kwa kiasi gani, naye amfae siku yake. Ukificha kiasi umeficha deni, na deni hilo ndilo linalotushikanisha.

#6 MhaziniWaUkoo

Hoja yako ina uzito mkuu, na hilo la daftari silipingi hata kidogo. Tutenganishe basi. Grupuni yawekwe majina na jumla kuu ya siku. Daftari lenye kiasi lishikwe na mhazini, likaguliwe na wazee wawili wasiokuwa wa tumbo moja, kisha akabidhiwe mfiwa baada ya mazishi. Na kila aliyetuma aandikiwe pembeni: "Zimefika 10,000, ahsante sana." Huo ujumbe wa pembeni ndio risiti yake.

#7 KandaYaZiwa

Jumla kuu ikisomwa kila siku, nimeridhika.

#8 WodiNamba

Mmeanzia kwenye msiba, lakini kabla yake mara nyingi kuna ugonjwa, na huko kujali kunaharibika zaidi. Picha ya mtu amevaa barakoa ya oksijeni na maneno "mwombeeni ndugu yetu" huwekwa stetasi kwa nia njema kabisa. Mgonjwa mwenye fahamu aulizwe yeye mwenyewe. Asiye na fahamu asipigwe picha. Akipona ataikuta picha hiyo kwenye simu za wafanyakazi wenzake.

Nyuma yake pia wapo watu. Angalia kitanda cha jirani, jina kwenye jalada la faili, karatasi iliyobandikwa ukutani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zinahesabu habari za afya kuwa nyeti, na zina sababu.

Maneno hufanya kazi kuliko picha: "Amelazwa tangu Jumanne. Kuona wagonjwa ni saa 10 jioni, wawili wawili. Anahitaji kanga mbili safi na uji wa asubuhi, Alhamisi na Ijumaa bado hazina mtu." Hapo mtu anajua achukue siku ipi.

Ombi la damu liwe na tarehe kwenye mstari wa kwanza, jina la hospitali, kundi la damu na namba ya kupiga. Damu ikipatikana, rudi ulikotuma uandike "imepatikana, ahsanteni". Ombi lisilo na tarehe huzunguka miezi, watu wanafunga safari, wanafika hakuna anayelijua. Mara ya pili hawaji, na safari hiyo huenda kweli damu inahitajika.

#9 Jamvini

Umenikumbusha tanzia yenyewe. Isirushwe grupuni wala stetasi kabla watu wa karibu hawajapigiwa simu mmoja mmoja: wazazi, mwenza, watoto, ndugu wa kuzaliwa. Andika majina kwenye karatasi, gawaneni wapigaji wawili, kata jina kila anayeambiwa. Mwenye mimba au mgonjwa wa moyo apelekewe mtu akae naye kwanza. Mtoto aliye bweni aambiwe kupitia kwa mwalimu, na ndugu awe njiani kumfuata. Karatasi ikiisha, ndipo tangazo litoke.

Tangazo liwe na jina kamili na lile la mtaani ambalo watu wanamjua, msiba uko wapi pamoja na alama ya kufikia, siku na saa ya kuaga na kuzika, jina na namba ya msemaji. Hali zikibadilika toa tangazo jipya lenye neno "MABADILIKO" na saa ya kuandikwa, maana lile la kwanza litaendelea kuzunguka.

#10 NipoMuscat

Kwa walio mbali. Saa iandikwe kwa namna mbili: saa 10 jioni, yaani 16:00. Watoto waliokulia nje wakiona "saa 10" wanaelewa vingine, wakija kuwasha video watu wameshatoka makaburini.

Muscat imetangulia Dar na Mombasa kwa saa moja tu, hapana shida. Minneapolis iko nyuma kwa saa 8 wakati wa joto na 9 wakati wa baridi. Anayetoka kazini huko saa 12 jioni, Dar ni saa 8 usiku au saa 9 usiku. Muda huo andika, usipige. Kama unataka kupiga, amka mapema: saa 12 asubuhi ya huko ni saa 8 au 9 mchana Dar, nyumba imetulia kidogo.

Aliye mbali hawezi kumenya vitunguu, lakini ana kazi zinazofanyika kwa mbali. Anaweza kuwa mpokea simu wa ndugu wote wa ughaibuni ili mfiwa asieleze mara 30. Anaweza kulipia moja kwa moja maturubai na viti, akatuma skrinishoti ya malipo kwa msemaji, si grupuni.

#11 BintiPwani

Na baada ya kuzika? Grupu hunyamaza siku ya tatu, ndipo upweke unapoanza. Weka kumbukumbu kwenye kalenda ya simu siku ileile unapotuma pole: siku ya 10, ya 40, na mwezi wa tatu. Siku ya 10 usiandike "pole" tena, andika "Leo umekula nini?" au "Napita sokoni, nikuchukulie samaki?"

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba mpaka ajifungue. Kipindi hicho simu ni mlango wake wa nje. Wanawake wenzake wampigie, tena wampigie mchana, na wazungumze ya kawaida, watoto, mboga, mvua. Wanaume wasio maharimu, yaani wasio ndugu wa karibu asioweza kuolewa nao, wapitishe salamu na msaada kwa ndugu yake au mama wa nyumba ile.

#12 Mgeni77

Naomba kuuliza. Mfiwa mwenyewe ajibu vipi hizo pole zote? Na akaunti za marehemu zinafanywaje? Siku ya kuzaliwa kwake watu wanaandika "hongera" ukutani kwake Facebook.

#13 FundiSimu

Mfiwa asijibu mmoja mmoja. Msemaji aandike mara moja kwenye kila grupu, baada ya mazishi: "Familia imepokea pole zenu zote. Tumeshapoa. Ahsanteni." Inatosha, na hakuna muungwana atakayedai zaidi.

Facebook ina utaratibu wa kuigeuza akaunti kuwa ya kumbukumbu. Ndugu anajaza fomu yao ya maombi, anaambatanisha uthibitisho wa kifo kama cheti. Ikikubaliwa, neno la kumbukumbu huwekwa juu ya jina, na mtandao hauwakumbushi tena watu siku ya kuzaliwa. Ila baada ya hapo hakuna anayeweza kuingia kwenye akaunti hiyo, hata mwenye neno la siri. Tangu 2015 mtu anaweza kumteua msimamizi wa akaunti yake akiwa hai. Asipofanya hivyo, familia ikubaliane kwanza kabla ya kuomba.

WhatsApp kwa kawaida hufuta akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika. Jambo gumu zaidi ni laini. Isipotumika muda mrefu hufungwa, na namba hugawiwa mtu mwingine. Siku moja namba ya baba inaonekana iko hewani ikiwa na picha ya mtu msiyemjua. Familia inayotaka kuibakiza iende na cheti cha kifo kwenye duka la mtandao husika, iulize namna ya kuihamishia jina la mrithi, kisha iiwekee vocha mara kwa mara.

Wasipoitaka, iondolewe kwenye magrupu ya ukoo mapema. Admini aelewe kwamba akiiondoa, grupu zima linaona maandishi kuwa fulani ameondolewa na fulani. Kwa hiyo ampigie kwanza mjane au mtoto mkubwa, amweleze maandishi hayo yatatokea na kwa nini, na amwache yeye achague siku.